Mwaka Nilioupoteza kwa Sparadrap

Watu wa Bunia walipoteza vitu vingi katika miaka ile ya vita, na wengi hawapendi kuvitaja. Mimi nilipoteza mwaka mmoja wa shule kwa sababu ya sparadrap, na nimeutaja kila nilipopata mtu wa kunisikiliza. Sparadrap ni ule utepe wa kunata tunaoubandika juu ya bandeji ili isianguke. Kwingine wanauita plasta. Aliyeninyima mwaka huo alikuwa Monitere wetu, na kwa miaka kumi na minane nimemsimulia kama mtu anavyosimulia mbuzi aliyemlia mboga zake.

Monitere ni mwalimu anayekufundisha uuguzi kando ya kitanda cha mgonjwa, kwa hiyo anakuaibisha mbele ya mashahidi. Huyu wetu bila shaka alikuwa na jina, maana lilikuwepo kwenye karatasi za shule, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata mke wake alimwita Monitere. Akikasirika alimwita Monsieur le Moniteur, kwa Kifaransa kizima, na hapo majirani wa mtaa wao wa Shari walijua kwamba leo mzee atapasha chakula chake mwenyewe.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye koti jeupe lililokatwa mikono juu ya viwiko. Alilikata mwenyewe.

"Mukono ya koti ni fagio," alituambia siku ya kwanza. "Inatoa buchafu ku kitanda hii, inapeleka ku kitanda ile. Munganga mwenye mukono murefu iko anafagia wagonjwa."

Viatu vyake vilikuwa habari nyingine. Kila asubuhi aliving'arisha mpaka vikawaka, kisha akatembea kwa miguu kutoka Shari hadi hospitalini katika vumbi lile jekundu, akafika navyo vikiwa kama vya mtu yeyote. Mlangoni alitoa kitambaa mfukoni na kuvipangusa upya. Pikipiki hakupanda. Alisema amekwisha kufunga magoti mengi mno ya watu waliokuwa na haraka.

Lakini nilianza na sparadrap, ngoja nirudi huko. Alikataza kabisa kuikata kwa makasi. Ilichanwa kwa vidole, kwa mkupuo mmoja, na asiyeweza alipewa mabaki ya kujifunzia mpaka kucha zimuume. Kabla ya kuanza mzunguko wa vitanda, Monitere alichana vipande vyote vya asubuhi, kila kimoja urefu wa kidole chake cha mwisho, akavibandika kwenye ukingo wa sinia ya chuma, kimoja baada ya kingine. Wewe mwanafunzi ulichukua cha kwanza, kilicho karibu na mkono wako. Ukichukua cha katikati, hata kama alikuwa amekupa mgongo, ulimsikia.

"Nani anakula katikati?"

Hakuna aliyewahi kujua alijuaje. Furaha, rafiki yangu wa dawati moja, alidhani Monitere anavisikia vikilia.

Sparadrap yenyewe siku hizo ililetwa na magari ya misaada, kwenye makatoni yenye maandishi ya nchi ambazo hatukuweza hata kuzitaja. Nyingine ilishika sana hadi ikatoka na ngozi. Nyingine ilianguka mgonjwa akitoa jasho kidogo tu. Monitere alifungua kila katoni, akanusa roli moja, akabandika kipande kwenye mkono wake mwenyewe na kwenda kufundisha. Baada ya saa mbili alirudi kutoa hukumu. Kwa hiyo mtu huyu aliyetuhubiria usafi tangu Jumatatu mpaka Jumamosi alitembea na vipande vichafu vya sparadrap mikononi, tarehe zikiwa zimeandikwa juu yake kwa kalamu, na ole wake mwanafunzi ambaye angefika na kucha yenye vumbi.

Si hilo tu. Monitere aliogopa sindano. Alifundisha vizazi vya wauguzi kuchoma, na mwenyewe alikuwa hachomwi. Alipopata malaria ya nguvu, mke wake akamleta hospitalini akiwa anatetemeka, aliomba kwanza kuiona dawa, kisha kusoma tarehe yake, kisha akamuuliza muuguzi alimaliza shule mwaka gani na alipata pointi ngapi. Muuguzi alipomaliza kujibu na kuinua sindano, Monitere alikumbuka kwamba ana somo la kutoa, akatoka. Tulimwona akipita nje ya dirisha la darasa, ameshikilia ukuta, akielekea kwao.

Sasa niseme juu ya neno lenyewe. Monitere alishikilia kwamba mtu asiyejua jina la kitu limetoka wapi asikiguse kitu hicho. Mengine alitueleza vizuri, na baadaye nimeyakuta vitabuni vilevile. Alisema zamani hakukuwa na kiwanda cha sparadrap. Munganga alipika mwenyewe dawa ya kubandika, ambayo Wafaransa waliita emplâtre: nta, mafuta, ulimbo wa miti na unga wa madini ya risasi. Alichovya kitambaa ndani mpaka kikanywa pande zote mbili, akakianika, kisha akakikata vipande. Kitambaa hicho ndicho kilichoitwa sparadrap kwanza. Roli za dukani zilikuja baadaye na kurithi jina.

Ili tusidhani ni hadithi, alitupikisha. Alileta sufuria ya mke wake, kwa siri, na nta ya nyuki kutoka kwa mtu wa sokoni. Risasi tuliiacha. Alisema Bunia imekwisha kupata ya kutosha. Tulikoroga, tukachovya shuka kuukuu, na ilipopoa akauliza nani anajitolea. Furaha akanyoosha mkono kwa sababu alidhani ameuliza nani ana swali. Kitambaa kile kilikaa kwenye mkono wake siku nne. Kilitoka kwa mafuta ya mawese, kwa maombi, na kwa nywele zote za mkono. Monitere alimfuata mpaka nyumbani kwao na rula, akapima alama iliyobaki, akaandika kwenye kaye yake, yaani daftari, kwamba inashika. Sufuria haikurudi kwa mwenyewe, na wiki hiyo Monitere alikuwa Monsieur le Moniteur kila siku.

Hiyo ilikuwa maana. Kuhusu asili ya neno, hapo ndipo Daktari Sparadrap alipoingia. Kwa maneno ya Monitere, Docteur Sparadrap alikuwa munganga wa jeshi, Mzungu wa zamani sana, aliyembandikia askari sikio lake vitani kwa kitambaa cha nta. Sikio likashika, askari akasikia tena, mfalme akatoa amri kitambaa kiitwe jina la munganga. Promosheni iliyotutangulia, yaani darasa la mwaka wa mbele yetu, ilipewa sikio tu. Sisi tulipewa sikio na pua. Waliotufuata, nimesikia, walipewa pia farasi.

Tulikaa darasani kwa urefu. Wafupi mbele, warefu nyuma, na Monitere alipita na fimbo ya kupimia kama fundi wa jeneza. Huo ulikuwa wakati wa amani ile ya kutembea kwa kunyata: wanajeshi wa kofia za buluu wakipita na magari yao, watu wakirudi mmojammoja kwenye mitaa waliyoikimbia na kukuta milango ya wengine kwenye kuta zao. Kila mwanafunzi alitaka kukaa karibu na watu aliokimbia nao. Monitere alisema mutu mufupi haoni kidonda kama iko nyuma, akamaliza neno. Kwa hiyo mimi nilikaa miaka mitatu na Furaha, ambaye watu wake na watu wangu walikuwa hawasalimiani, na tuliongea sana juu ya mvua, kisha juu ya Monitere, kisha juu ya kila kitu. Wakati huo niliona ni ukorofi wake tu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na sehemu mbili, karatasi na kitandani. Swali la kwanza la karatasi lilikuwa lilelile kila mwaka: eleza maana na asili ya neno sparadrap, pointi mbili. Wenzangu wote walimwandika Docteur Sparadrap na sikio lake. Lakini mimi nilikuwa na shangazi aliyepika kwa mapadri, na mapadri walikuwa na kamusi kubwa ya Kifaransa, na nilikuwa na kiburi. Niliandika kwamba sparadrap ilikuwa kitambaa kilicholowekwa dawa ya kunata, kwamba neno limepitia Kilatini cha zamani, kwamba wengine wanaona humo neno la Kifaransa la kitambaa, na kwamba asili yake hasa haijulikani. Karatasi ilirudi na sifuri nyekundu kwenye swali hilo; maswali mengine hayakuandikiwa pointi. Pembeni ameandika: "Haijulikani na nani?"

Matokeo yalibandikwa mlangoni, jina na jumla tu. Kupita kulikuwa hamsini juu ya mia. Mimi nilikuwa na arobaini na tisa. Hesabu hiyo sikuhitaji mwalimu: ningepewa pointi zangu mbili ningekuwa na hamsini na moja. Nililia mbele ya mlango ule mpaka Furaha akanivuta.

Nilirudia mwaka. Promosheni yangu yote iliajiriwa hapa Bunia, Furaha akiwemo. Nilipomaliza mimi, nafasi ilibaki Tchomia tu, kule ziwani, na nilikaa huko miaka minne nikifunga vidole vilivyokatwa na nyavu, nywele zangu zikinuka samaki wa moshi hata siku ya Komunyo. Baba yangu alifariki wakati niko huko na nilifika baada ya mazishi. Kila kitu kibaya kilichonipata kati ya Tchomia na Bunia nilikiweka juu ya kichwa cha Monitere, na nilikuwa na hakika kwamba ni haki yangu.

Nimerudi Bunia siku nyingi sasa. Nina watoto watatu, nina koti la mikono mifupi, na niko mkuu wa wauguzi kwenye kituo kimoja mtaani Lumumba. Mwaka jana mke wa Monitere alinipigia simu. Mzee ana vidonda miguu yote miwili, haviponi, anafukuza kila muuguzi anayeletewa, na leo amesema aitwe yule wa Tchomia. Nilipanga jibu kali, kisha nikachukua mfuko wangu nikaenda Shari.

Nilimkuta amekaa uani, miguu juu ya stuli, imevimba, akiwa amevaa viatu vyake vyeusi bila kamba, vinang'aa. Nilivivua. Kwa wiki tatu nilienda kila siku ya pili, na kwa wiki tatu hakuna kitu nilichofanya kikampendeza.

"Weye unapasula sparadrap sawa vile unapasula mukate," aliniambia.

"Monitere, mutulie."

"Natulia. Macho njo haitulie."

Siku moja nilikuja na ile kamusi. Si kamusi nzima, bali picha ya ukurasa niliyoipiga kwa mapadri. Nimesema nina kiburi, na pia nilikuwa nimebeba jambo hili miaka kumi na minane. Nilimwekea simu mbele ya miwani yake nikaendelea kuandaa kompresi, vile vitambaa vya kufunikia kidonda, nikijifanya sina neno.

Alisoma polepole. Akarudisha simu.

"Docteur Sparadrap hakukuwako," nilimwambia.

"Najua. Mimi njo nilimuzala."

Akaniambia kwamba alipokuwa mwanafunzi, Sista aliyewafundisha alimuuliza asili ya neno lile kwenye mtihani wa mdomo. Hakujua. Alikuwa na suruali moja na hakutaka kurudi kijijini na sifuri, basi akamzaa Docteur palepale, na sikio lake. Sista alicheka, akampa pointi zote.

"Na mimi niliandika kweli," nikasema, na sauti yangu ilikuwa inapanda. "Kweli kabisa! Mukanipatia zero!"

"Uliandika kweli. Nilisikia haya. Kama ningelikupatia mbili, bote bangelijua Docteur ni ya uongo."

Hivi ndivyo alivyosema, kwa utulivu wote, kama mtu anayekuambia saa. Kisha akamwita mke wake amletee kaye za zamani. Alikuwa nazo zote, kwenye sanduku la bati, zimefungwa na nini kama si sparadrap. Akatafuta mwaka wetu. Akapata jina langu. Akaomba kalamu yangu, akafuta ile sifuri kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika mbili, akajumlisha upya chini, akatia sahihi na tarehe ya siku hiyo.

"Cinquante et un," alisema, hamsini na moja.

Sitadanganya: nilifurahi. Mwanamke wa umri wangu, mkuu wa wauguzi, nilisimama pale uani Shari nikitaka kupiga vigelegele. Nilikuwa nimekwisha kuchagua watu wa kuwapigia simu, wa kwanza Furaha.

"Sasa soma upande ya pili," Monitere akasema.

Upande wa pili ulikuwa mtihani wa kitandani. Alama zake hazikubandikwa mlangoni, na mimi siku zote nilijihesabia kumi na nane juu ya ishirini, maana mikono yangu ilikuwa mizuri na kila mtu alisema hivyo. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, kwa Kifaransa. Aliandika jina langu, namba ya kitanda, na chini yake: ameuliza mgonjwa ni wa wapi kabla ya kugusa kidonda. Mgonjwa amerudisha mkono. Pansement, yaani kufunga kidonda, haikufanyika. Sifuri.

"Nilikuwa namusalimia tu," nikasema.

"Hapana."

"Batu bote walikuwa banauliza vile."

"Njo vile. Bote."

Nilitaka kubisha, na nilipofungua mdomo nikamwona yule mgonjwa akilini. Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Mwanamume wa makamo, ameungua mkono wa kulia, kitambaa kimegandia kwenye nyama. Nilikuja na sinia yangu, akanisalimia, na nikasikia jinsi alivyosalimia. Lafudhi ile niliijua: haikuwa ya watu wangu. Nilisimama na sinia nikamuuliza, weye ni wa wapi, na swali hilo katika mwaka ule hapa Bunia halikuwa salamu kwa mtu yeyote. Watu walikuwa wameulizwa hivyo barabarani na jibu likawamaliza. Alinitazama. Kisha akauvuta ule mkono ulioungua, akauficha chini ya kwapa lake, na niliona uso wake ulivyojikunja kwa maumivu. Monitere alikuja akanituma maji. Niliporudi na maji alikuwa amemaliza kumfunga mwenyewe, na nilikasirika kwamba ameninyang'anya mgonjwa wangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimelikumbuka jambo lote: kwamba alikosa subira.

Ni kweli nilitaka kujua kabla ya kumgusa. Nasema hivyo leo kwa sababu sina pa kulificha tena.

"Zero ya kitanda inarudisha mutu mwaka," Monitere akasema. "Hata ungelifika quatre-vingts, ile themanini yote ya karatasi."

"Sababu gani hamukuniambia?"

"Mbele ya wagonjwa? Ile mwaka?" Alikohoa, akapumzika. "Bangelikupatia jina. Na ile jina ingelikufuata mpaka ku nyumba, usiolewe, ama uolewe na mubaya. Nikakuachia ile zero ya sparadrap. Weye ulikuwa unaipenda."

Mke wake alikuwa mlangoni, akageuka akaingia ndani. Nilichuchumaa, nikafungua bandeji ya mguu wa kushoto, na sikuona vizuri nilichokuwa nikikifanya kwa sababu machozi yalikuwa yananidondokea mikononi, na muuguzi haruhusiwi kudondosha kitu juu ya kidonda, kwa hiyo nilirudi nyuma nikanawa upya. Ilikuwa mara ya kwanza Monitere kunipitishia kosa.

Nilipotulia nilimuuliza kama ule mkono wa yule mgonjwa ulipona.

"Miaka kumi na munane," alisema. "Njo leo unauliza."

Sikuwa na uso wa kuuliza mara ya pili. Alinyoosha mguu wa kulia, akauweka juu ya goti langu, nami nikauosha.